Binti yangu anasema amezima swichi. Je, ameingiliwa?

SWALI

Assalaamu alaykum shehe. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Gungu, hapa hapa Kigoma mjini. Mume wangu alifia ziwani miezi kumi iliyopita. Walikwenda kuvua dagaa, upepo ukawakuta huko huko, mtumbwi ukapinduka, mwili tukaupata siku ya tatu. Usiku ule haukuwa wa kwake hata, alikwenda kwa kuwa hela ya hosteli ya binti yetu mkubwa ilikuwa haijatimia. Binti huyo ana miaka 17. Nilipokuwa kwenye eda yeye ndiye alishika nyumba: kupika, wadogo zake, mpaka kushuka Kibirizi kumdaia marehemu madeni yake. Sikumwona akitoa chozi, nikamshukuru Mungu kwa moyo aliompa.

Sasa ni mwezi wa tatu kila usiku yuko kwenye simu anatazama sizoni ya Kizungu ya vijana wanaokunywa damu, inaitwa The Vampire Diaries. Kuna daftari analiandika usiku na kulificha chini ya godoro. Juzi nilimuuliza, mbona hujawahi kumlilia baba yako? Akanijibu, "Mama, mimi nimezima swichi." Macho makavu kabisa. Shehe, niliogopa. Kaka yangu anasema mtoto ameingiliwa, jini limepitia kwenye hiyo sizoni, na amepata mtaalamu wa kumtoa, mbali kidogo, anataka nichangie nauli na kuku. Je, kutazama vitu hivi kunamtoa mtu kwenye dini? Na nikubali apelekwe?

JIBU

Waalaykumu salaam warahmatullah. Pole sana mama.

Kabla ya yote, kuna jambo la mumeo. Mtume (s.a.w.) alipowataja mashahidi, katika Hadithi iliyo kwenye vitabu vya Bukhari na Muslim, alimtaja miongoni mwao aliyekufa kwa kuzama. Sisi hatumtolei mtu hukumu ya Peponi, lakini tunamtarajia kheri kubwa aliyetoka usiku kutafuta riziki ya halali ya wanawe, maji yakamchukua. Bila shaka maneno haya yalisemwa msibani, kule kwenye turubai walipokaa wanaume. Binti yako siku hiyo alikuwa jikoni. Mwambie wewe.

Nije kwenye swali. Wanazuoni wana kauli yao: kukihukumu kitu ni tawi la kukifahamu. Mimi sizoni hiyo nilikuwa naisikia jina tu, kwa hiyo nilimwita mtoto wa dada yangu, anasoma chuo, akaja baada ya Isha na simu yake. Tukaiegemeza kwenye jagi la maji, tukakaa mkekani. Kila ilipofika mahali pasipofaa kutazamwa na mjomba na mpwawe, alikuwa anaweka kiganja juu ya kioo, na anaviwahi, maana yake anavijua vyote vilipo. Hilo nalo nimeliweka, nitaongea naye siku nyingine.

Ni tamthilia ya Marekani, ilianza kuonyeshwa mwaka 2009 ikaisha 2017, misimu minane. Wanyonya damu wenyewe hawakunishangaza, sisi tumekua tukitishwa na mumiani. Kilichonikalisha mpaka saa sita za usiku ni huyo msichana, Elena. Mlango wa kwanza kabisa wa hadithi ni mtoto wa shule aliyefiwa na wazazi wake wote wawili miezi michache nyuma. Anaamka asubuhi anaandika katika daftari lake kwamba leo atatabasamu, na watu wakimuuliza hali atawajibu kuwa hajambo, na watamwamini. Mdogo wake wa kiume ameangukia kwenye bangi. Shangazi aliyeachiwa kuwalea ni kijana mwenyewe, hajui aanzie wapi.

Wazazi hao walikufaje, mama? Gari lilitoka darajani likatumbukia mtoni. Walikufa majini. Na walikuwa njiani kwa sababu yake yeye: alikwenda kwenye sherehe usiku ule, akawapigia simu waje wamchukue. Yeye akaokolewa, wao wakazama.

Isome tena barua yako sasa. Umeandika mwenyewe kwamba baba yake hakuwa aende usiku ule, alikwenda kwa ajili ya hela ya hosteli. Umeliandika kwa kupita, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Binti yako hakulipita hilo. Katika sizoni zote zilizojaa kwenye masimu ya watoto, amekwenda kuikumbatia ile ambayo msichana amefiwa na wazazi majini na anajiona yeye ndiye aliyewatuma huko. Huyo hakufuata damu. Amemtafuta mtu anayefanana naye, hakumpata Gungu, akampata huko.

Na neno la swichi si la jini. Ni la humo humo. Katika hadithi yao, aliyegeuka mnyonya damu anaweza kuzima hisia zake zote kama mtu anavyozima taa, asihurumie, asisikitike, asijute. Elena huyo baadaye anageuka naye, na katika msimu wa nne anafiwa na yule mdogo wake aliyekuwa amebaki. Maumivu yanamzidi, anaambiwa azime, anazima, kisha anaitia moto nyumba yao na maiti ya mdogo wake ikiwa ndani. Kuanzia hapo anakuwa mtu wa kutisha hata kwa rafiki zake. Kinachonipendeza katika maelezo yao, na nasema kinanipendeza, ni kwamba waliotunga hawakumdanganya mtoto. Swichi ikiwashwa tena, huzuni yote iliyokuwa imezimwa inarudi kwa mpigo mmoja, na ya mabaya aliyoyafanya akiwa amezima inakuja juu yake. Hakuna kilichokuwa kimeondoka. Kwetu sisi hali hiyo ina jina lake, ugumu wa moyo, na tumeamrishwa kujikinga nao.

Kwa hiyo binti alipokwambia amezima, alikuwa anakueleza hali yake kwa lugha pekee aliyoipata. Wewe ukasikia pepo.

Niseme na letu sisi watu wa misikitini, maana lawama hapa si yako peke yako. Mtoto akifiwa tunampigapiga bega: jikaze, usilie, wewe ndiye mkubwa, muonee huruma mama yako. Kisha tunamkabidhi sufuria. Tumeifanya subira kuwa ni kutolia, na sijui tuliitoa wapi. Mtume (s.a.w.) alimshika mwanawe Ibrahim akikata roho, machozi yakamtoka. Sahaba wake Abdurrahman bin Auf akashangaa, hata wewe, ewe Mtume wa Mwenyezi Mungu? Akamjibu kuwa hiyo ni rehema. Kisha akasema: jicho linatoa machozi, na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu, na kwa kutengana nawe, ewe Ibrahim, sisi tuna huzuni. Kilichokatazwa ni kupiga mayowe, kujipiga mashavu, kuchana nguo, na kumtupia Mola maneno. Chozi halimo.

Na Nabii Yaakub je? Qur'ani inasema macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni ya Yusuf. Wanawe wakamwambia yale yale tunayoyasema sisi, kwamba hataacha kumtaja Yusuf mpaka ajimalize. Akawajibu, katika aya ya 86 ya Sura Yusuf: "Hakika mimi namshtakia Mwenyezi Mungu sikitiko langu na huzuni yangu." Miaka imepita mingi na bado analia, na hakuna aya iliyomlaumu. Kwa nini basi miezi kumi iwe mingi kwa mtoto wa miaka 17?

Wengine wananiletea Hadithi ya siku tatu. Hiyo inazungumzia kukaa matanga kwa kuacha mapambo, kwamba mwanamke asikae hivyo zaidi ya siku tatu isipokuwa kwa mumewe, miezi minne na siku kumi. Haikuupangia moyo muda. Lakini ona kilichotokea nyumbani kwako: wewe sheria ilikupa miezi minne na siku kumi za kutulia na msiba wako, na hukukosea kuzitumia. Binti katika siku hizo hizo alikuwa Kibirizi, amesimama kwenye vichanja vya dagaa, anabishana na watu wazima juu ya hela za marehemu, anapanda kilima anarudi kuwasha moto. Alipata lini nafasi ya kulia? Mtume alipoletewa habari ya kufa kwa Jaafar, mtoto wa ami yake, katika vita vya Muuta, aliamrisha watu wawapikie jamaa zake chakula, kwa kuwa limewafika la kuwashughulisha. Jamaa za Jaafar ni pamoja na watoto wake.

Kuhusu hilo la kujilaumu, la "ningejua". Usingoje aseme, atakuwa hasemi. Siku mmekaa wawili, labda mnachambua dagaa, mikono ikiwa na kazi ulimi huwa mwepesi, mwambie: mwanangu, baba yako hakufa kwa sababu ya hosteli. Mwambie kwamba siku yake ya kufa iliandikwa kabla wewe na yeye hamjajua kuna shule. Mtume katuambia, kama ilivyo kwa Muslim, likikupata jambo usiseme "lau ningefanya hivi ingekuwa hivi", kwani neno lau hufungua kazi ya shetani. Shetani wa nyumbani kwako, mama, ukimtafuta kwenye simu hutampata. Yuko kwenye hiyo lau. Na akilia hapo usimwambie basi. Mwache alie, na wewe ukilia naye si kosa.

Sasa hukumu ya kutazama. Hakumtoi mtu kwenye Uislamu kutazama hadithi ya kubuni huku akijua ni ya kubuni. Kuna watu wanasema swala ya mtazamaji wa uchawi kwenye filamu haikubaliwi siku arobaini. Hadithi hiyo, iliyo kwa Muslim, ni ya mtu anayemwendea mpiga ramli akamuuliza jambo. Hata hivyo simpi ruhusa ya jumla. Humo mna uzinzi unaoonyeshwa kama jambo la kawaida, na kutazama hayo hakufai, awe na huzuni au asiwe nayo. Mna wachawi wanaopendezeshwa. Na mna jambo moja ninaloliogopa kuliko yote kwa mtoto aliyefiwa: humo kifo hakishiki. Yule mdogo wake Elena alirudishwa duniani baadaye na rafiki yao mchawi. Wafu wanasimama pembeni ya walio hai bila kuonekana, wanawasikiliza. Kwetu, mbele ya wafu kuna barzakh, yaani kizuizi, mpaka siku watakapofufuliwa, hivyo ndivyo Sura ya Al-Muuminun inavyosema. Baba yake harudi, na hasimami pembeni ya kitanda. Lakini njia ya kumfikia ipo wazi: katika mambo matatu yasiyokatika mtu akifa, moja ni mtoto mwema anayemwombea. Elena hakupewa mlango huo. Binti yako anao, tena mara tano kwa siku.

Usimnyang'anye simu leo. Ukimnyang'anya utakuwa umemfiwisha mara ya pili. Keti naye, mwambie akusimulie hiyo hadithi, na akifika kwenye daraja unyamaze umsikilize. Atakuwa anakusimulia mengine. Mambo ya kupunguza na kuacha yatakuja, na yatakuja kwa wepesi zaidi akishakuwa na mtu wa kuzungumza naye.

Daftari usilifungue. "Wala msipelelezane," tumeamrishwa katika Sura ya Al-Hujurat, na mama hakutolewa.

Mpelekeni kaburini pia. Naamini hajawahi kufika, kwa desturi yetu wanawake hubaki nyumbani siku ya maziko. Mtume alisema alikuwa amekataza kuzuru makaburi, sasa yazuruni. Wanazuoni wamehitilafiana kuhusu wanawake. Ninaloliona mimi ni kwamba wakienda kwa stara, bila mayowe, hapana ubaya. Yule mwanamke aliyekutwa na Mtume akilia kaburini aliambiwa amche Mungu na asubiri, hakuambiwa aondoke. Nendeni asubuhi, wadogo zake wawepo.

Mkiona hataki kula, hapati usingizi, au anataja kumfuata baba yake, hapo msingoje shehe wala mtu. Pelekeni hospitali, Maweni ipo, waelezeni madaktari kila kitu kama mlivyonieleza mimi. Kutafuta tiba ni Sunna.

Kusomewa Qur'ani ni jambo zuri, na msomaji bora wa mtoto ni mama yake: Fatiha, Ayatul Kursiy, na sura tatu za mwisho, weka mkono kichwani pake akiwa amelala. Haina nauli wala haina kuku. Huyo mtaalamu msimwendee.

Kaka yako usigombane naye. Yeye naye kafiwa na shemeji yake, na huenda hiyo safari ndiyo njia yake ya kufanya kitu. Mwambie tu kabla ya kukata tiketi apite kwangu Ujiji, baada ya Alasiri huwa nipo barazani. Simu ya mpwa wangu bado ninayo.