Jibu: Mkandarasi kala hela ya kupaua, nami niko Uingereza

Pole sana mkuu. Nyumba yako ya Goba, Dar es Salaam, imeishia kwenye lenta, hela ya kupaua mkandarasi alishapokea, na sasa anataka milioni 8 nyingine ndiyo arudi saiti. Usitume hata shilingi kwanza.

Tafuta mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa, asiyefahamiana na huyo mkandarasi wala ndugu zako, aende akapime kilichojengwa na kukupa thamani yake kwa maandishi. Mimi hapo ndipo nilipopona. Nyumba yangu ya Kibada nilikuwa naiangalia kwa picha za WhatsApp tu, kumbe ukuta mmoja ulipigwa picha pande zote. Ripoti ilipofika, kelele na mkandarasi wangu ziliisha, tukaanza kuzungumza namba: nimetuma kiasi gani, kazi iliyopo ni ya kiasi gani. Alirudi akamalizia.

Miamala ya benki, jumbe na sauti zake vitunze vyote. Hata makubaliano ya mdomo sheria inayatambua, shida ni kuyathibitisha.

Angalia kama amesajiliwa Bodi ya Usajili wa Makandarasi; akiwemo, peleka malalamiko huko. Kama ni fundi wa mtaani, wakili amwandikie barua ya madai yenye tarehe ya mwisho. Atakayekuwakilisha mpe hati ya uwakilishi iliyothibitishwa. Ulizia ubalozini utaratibu wake. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6, lakini boma lisiloezekwa halisubiri masika mawili.