Irabu Pekee Hazifumbui Fumbo

SWALI: Sisi wa barazani Kibokoni hukusanyika baada ya Alasiri kujaza fumbo la maneno la gazetini. Juzi kidokezo kilikuwa "Baharia haikwepi", nasi tulikwisha kupata herufi tatu kati ya sita, lakini hazikutufaa kitu. Je, mtungaji hutukomoa kusudi? Na mchezo huu aliuanzisha nani? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Nianze na la pili, ambalo jibu lake ni fupi. Fumbo linalohesabiwa kuwa la kwanza la aina hii lilitungwa na Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, likachapishwa katika gazeti la New York World Jumapili ya tarehe 21 Desemba 1913. Lilikuwa na umbo la uru wa karata, lenye uwazi katikati. Si wote waliolipokea: The New York Times ilishikilia kulikataa hadi Februari 1942.

Ama la kukomolewa, lawama nyingine ni ya lugha yenyewe. Maneno yetu mengi hupishanisha konsonanti na irabu, na katika jedwali la mtindo wa Uingereza, ambamo neno hukatwa na mengine kwenye kila herufi ya pili, ni rahisi makutano yote yaangukie irabu. Nadhani nanyi mlikuwa na A, A na I: basi mmoja ataapa ni BAHARI, mwingine SAFARI, wa tatu HATARI, na wote wana haki. Mngepewa S, F na R, mngebaki na maneno kama SAFARI, SIFURI na SAFURA, na kwa kuwa kidokezo kinaifaa ya kwanza tu, ubishi ungekwisha kabla kahawa haijapoa. Mtungaji mwenye huruma huhakikisha walau konsonanti moja imekatwa.

Naye ana shida zake. Kwa kuwa karibu kila neno huishia kwa irabu, katika jedwali ambamo kila herufi hukatwa, maneno ya mlalo yanayofuatana yakikomea safu moja, neno la wima la hapo litakuwa irabu tupu, na ukishazitumia OA, UA na EUA huna pa kukimbilia. Ndiyo maana huyapanga yakome mahali tofauti.

Nyinyi wa Mvita mna mtego wenu wa ziada. Panapotakiwa NJIA, mzee ataandika NDIA ya Kimvita, zote herufi nne, na kosa halitaonekana hadi JAHAZI ya wima iikatae ile D. Mimi ningemhesabia mzee amepata.