Pekari ni nguruwe au si nguruwe?

Swali: Nimeona picha ya pekari wa Amerika Kusini. Ni nguruwe mwitu mtupu! Mbona maelezo yanasema si nguruwe?

Jibu: Swali zuri, msomaji wangu. Anza na meno. Chonge za juu za ngiri zimejipinda kwenda nje na juu, lakini za pekari zimenyooka kuelekea chini, zikisuguana na za chini hadi zinakuwa makali ajabu. Kisha tazama mgongo wake, karibu na kiuno: kuna tezi ya harufu kali, na wenzake wa kundi hujisugua hapo wapate kutambuana. Nguruwe hana tezi hiyo. Ni binamu, ila koo zao ziliachana mamilioni ya miaka iliyopita.

Nguruwe halisi nao wana maajabu yao. Babirusa dume wa Sulawesi, Indonesia, chonge zake za juu hutoboa ngozi ya pua na kujikunja kuelekea paji la uso. Ninayehofia zaidi usalama wake ni nguruwe mdogo wa Assam, India, mwenye kimo cha sentimita 25 hivi. Alidhaniwa ametoweka hadi alipoonekana tena mwaka 1971, na nyasi ndefu anamojificha bado zinachomwa moto.