Bomba mbili, tanki moja: nijaribu majibu au nitafute x?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Najiandaa na GMAT, ule mtihani wa kuombea masters ya biashara, na maswali ya kazi na muda ndo yananimaliza. Kuna hili: bomba A na B zikifunguliwa pamoja zinajaza tanki kwa masaa 6, B peke yake inachukua masaa 5 zaidi ya A, je A peke yake inajaza kwa masaa mangapi? Majibu ni 6, 8, 10, 12 na 15. Nikiweka x inakuja kwadratiki inanila dakika nzima nzima. Rafiki yangu anasema jaribu majibu tu, ila sekondari tulikazaniwa kuonyesha njia, naona kama ujanja ujanja.
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Hesabu ya kidato cha nne unaonyesha njia kwa sababu njia ina maksi zake, GMAT hakuna anayesoma rafu yako. Sehemu ya hesabu una maswali 21 kwa dakika 45, kila moja dakika mbili na kidogo, na kalkuleta sehemu hiyo hairuhusiwi, kwa hiyo jaribu bila aibu.

Ila usijaribu kama anayepiga ramli, fyeka kwanza. A ikisaidiwa na B zinamaliza kwa masaa 6, sasa A peke yake itamalizaje kwa 6 hiyo hiyo, B ilikuwa inafanya nini? 6 kwaheri. Halafu hapa ndo wengi hawafiki: A ina kasi kuliko B, so ndani ya yale masaa 6 A imejaza zaidi ya nusu ya tanki, na kama nusu inapita kwa masaa 6 basi tanki zima inalimaliza chini ya masaa 12. 12 na 15 nje, na hujaandika hata x moja.

Zimebaki 8 na 10. Shika 8, B inakuwa 13. Kwa masaa 6 A imejaza 6/8, yani robo tatu, B imejaza 6/13 ambayo ni karibu nusu, ukijumlisha maji yanamwagika. Desimali za nini? Yakimwagika ujue bomba zako zina kasi mno, panda namba kubwa. Na 10 je? B ni 15, 6/10 na 6/15, yani 0.6 na 0.4, tanki limejaa kamili.

Hiyo 15 haikuwekwa bure lakini. Ni muda wa B, ametegewa yule anayepiga hesabu vizuri kabisa halafu anasahau kaulizwa bomba gani.

Majibu yakija kwa herufi, mfano bomba moja inajaza kwa masaa x, nyingine masaa y, na jibu mojawapo ni xy/(x+y), hakuna cha kurudisha kwenye swali, hapo namba unaleta wewe. Sema x ni 3 na y ni 6: kwa saa moja theluthi na sudusi, jumla nusu tanki, pamoja masaa 2. Pitisha 3 na 6 kwenye kila jibu, lisilotoa 2 kata, yakibaki mawili badilisha namba urudie.