Skuta ya umeme ya bei nafuu: ipime kwa safari ya jioni

Swali la kwanza ninaloulizwa kuhusu skuta yangu ya umeme, ile ya kusimama juu ya ubao, huwa ni kasi: inakimbia kiasi gani? Mimi swali hilo ningeliweka la mwisho. Skuta nyingi za bei nafuu zinafika kilomita 20 hadi 25 kwa saa na haziendi zaidi ya hapo, kwa hiyo kasi haikusaidii kuchagua. Nimeenda kazini na kurudi kwa skuta ya namna hiyo muda wa kutosha kumaliza tairi la nyuma, na mtu anayetaka kununua namshauri aipime kwa safari ya jioni. Asubuhi kila skuta ni nzuri, maana betri imejaa na wewe mwenyewe una nguvu. Jioni betri imeshuka, lami imelowa, begi limeongezeka uzito na giza linaingia. Skuta inayokufikisha nyumbani katika hali hiyo bila kukutia hofu ndiyo inayofaa kazi ya kila siku.

Anza na betri. Kilomita zilizoandikwa kwenye boksi hupimwa kwa mwendeshaji wa kilo 75 hivi, kwenye tambarare, hali ya hewa ikiwa shwari, kwa mwendo wa taratibu usiobadilika. Hakuna anayeenda kazini hivyo. Namba unayoitafuta ni wati-saa, yaani kiasi cha umeme ambacho betri inabeba. Isipoandikwa, zidisha volti kwa ampea-saa: betri ya volti 36 na ampea-saa 7.5 ina wati-saa 270. Mtu mzima anayekwenda kwa mwendo wa kawaida, akisimama kwenye taa na kuondoka tena, hutumia wati-saa 15 hivi kwa kila kilomita. Aliye mzito, au ambaye njia yake ina vilima, anaweza kufika 20. Gawanya 270 kwa 15 utapata kilomita 18, hata kama boksi linasema 25 au 30.

Na hizo 18 usizihesabu zote. Kasi ya mota inafuata volti, na betri ya volti 36 ikijaa huwa na volti 42, kisha hushuka kadiri unavyoitumia. Ikikaribia kuisha, skuta nyingi hujipunguzia nguvu ili kuilinda betri. Unabana kitufe mpaka mwisho, skrini inaonyesha kilomita 14 au 15 kwa saa, na kila kimwinuko kinakulazimisha kusukuma kwa mguu huku magari yanakupita kwa karibu. Mimi naihesabu asilimia 20 ya mwisho kuwa ni akiba tu. Zinabaki kilomita 14 hivi.

Kisha kuna uzee. Betri za lithiamu za aina hii kwa kawaida hupoteza karibu asilimia 20 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 300 hadi 500. Anayechaji kila siku ya kazi atafika hapo ndani ya miaka miwili hivi. Wati-saa 270 zinakuwa 216, na ukitoa ile akiba unabaki na kilomita 11 na ushei. Ndiyo maana nasema kwenda na kurudi kusifike nusu ya kilomita za kwenye boksi, isipokuwa kama kazini kuna soketi na watu hawalalamiki. Chaja ndogo ya ampea 2 hujaza betri ya ukubwa huu kwa saa 4 hadi 5, kwa hiyo siku ya kazi inatosha kabisa.

Vilima navyo vina hesabu yake. Skuta na mtu na begi vikifika kilo 100 kwa jumla, kupanda mwinuko wa asilimia 5 kwa kilomita 15 kwa saa kunahitaji wati 200 na zaidi kwa ajili ya kupanda tu, kabla hujahesabu upepo na msuguano wa matairi. Mota ya wati 250 hapo imeshafika ukingoni. Wauzaji wanapenda kutaja nguvu ya juu kabisa, ile ambayo mota inaweza kuitoa kwa muda mfupi tu. Wewe uliza nguvu ya kudumu. Njia yako ikiwa na mlima mmoja mkali, nenda ukaupande na skuta ya kuazima kabla ya kutoa hela. Na uzito wa juu unaoruhusiwa, ambao mara nyingi ni kilo 100, unahesabu na begi lako.

Tairi na breki ndipo ninapowaomba watu watulie, maana hapa panahusu mifupa yako. Skuta hizi zina magurudumu madogo, mengi ya inchi 8.5, na shimo ambalo baiskeli inalivuka bila habari linaweza kuimeza nusu ya gurudumu la skuta. Matairi ya upepo yanapunguza mshtuko na yanashika barabara vizuri. Matairi magumu yasiyo na upepo hayapati pancha, na hiyo ndiyo sifa yake pekee kwangu: yanakutikisa mpaka viganja vinakufa ganzi, na kwenye lami iliyolowa yanateleza haraka zaidi. Ukichagua ya upepo, nunua pampu na kipimo siku hiyo hiyo. Pancha nyingi za skuta hazitokani na msumari. Tairi likipungua upepo, tyubu inabanwa kati ya rimu na ukingo wa shimo na kupasuka. Kiwango kimeandikwa ubavuni mwa tairi au kwenye kitabu cha maelekezo, mara nyingi psi (kipimo cha shinikizo la upepo) 45 hadi 50. Kubonyeza kwa kidole gumba hakutoshi. Tairi lenye psi 30 linahisika gumu vilevile.

Kubadilisha tyubu ni kazi ya jasho. Rimu ni ndogo, tairi ni nene na linang'ang'ania. Linakubali kutoka likilowekwa kwanza kwenye maji ya moto likalainika, kisha ukalinyanyua kidogo kidogo kwa vyuma viwili vya kufungulia tairi, ukiangalia usiitoboe tyubu mpya wakati wa kurudishia. Gurudumu lenye mota lina usumbufu zaidi kwa sababu waya hupita kwenye ekseli. Kabla ya kununua, uliza kama fundi wa karibu yako anakubali kazi hiyo, na kama tyubu za saizi ile zinapatikana bila kusubiri.

Upande wa breki, nataka mbili zinazojitegemea. Breki ya mota, yaani mota yenyewe kulizuia gurudumu, peke yake haitoshi. Ni laini, na kwenye baadhi ya skuta hupungua nguvu betri ikiwa imejaa, yaani wakati ule ule unapotoka nyumbani. Lazima kuwe na breki ya chuma, ya dramu au ya diski. Kwa matumizi ya kila siku mimi naipenda dramu: imefungwa, matope na maji hayaifikii kirahisi, na haihitaji kurekebishwa mara kwa mara. Diski inakamata vizuri lakini kwenye skuta za bei ya chini hupinda na kukwaruza. Skuta ambayo breki yake ya pekee ya chuma ni kukanyaga madigadi ya nyuma, iache dukani. Kwa kilomita 25 kwa saa unakwenda mita 7 kila sekunde. Ukishtuka sekunde moja, mita 7 zimeshapita kabla hujagusa breki.

Jaribu mwenyewe mahali pasipo na watu: fika kasi ya juu, rudisha uzito nyuma, piga magoti kidogo, kamata breki. Rudia polepole palipolowa, na uepuke michoro ya rangi na mifuniko ya chuma ya mitaro, kwa sababu hapo gurudumu linakimbia ghafla na mikono haiwahi.

Kipimo kingine kinachukua nusu dakika, nami huwa nakifanya kwa kila skuta ninayoonyeshwa, mpya au ya mtumba. Bana breki ya mbele, au zuia gurudumu la mbele kwa mguu, kisha usukume usukani mbele na nyuma. Mkono mwingine uweke pale nguzo inapokunjwa. Ukisikia kitu kinacheza, hata kidogo, uliza kama kinakazwa. Kikikazwa na bado kinacheza, ondoka. Mahali pa kukunjia ndipo panapobeba mzigo wa kila shimo na kila breki, na pakikatika hakuna cha kushika. Hata kampuni kubwa hupatwa na hili: mwaka 2019 Xiaomi iliziita zirudi skuta zaidi ya 10,000 za M365 kwa sababu skrubu ya sehemu hiyo ingeweza kulegea.

Uzito wa skuta yenyewe watu huudharau. Kilo 12 na kilo 16 kwenye karatasi zinafanana. Kwenye ngazi, mkono mmoja umeshika skuta, mwingine begi, hazifanani hata kidogo, na gurudumu lililolowa linaifuta suruali yako kila hatua. Kama unakaa ghorofani pasipo na lifti, au unapanda basi katikati ya safari, ikunje pale dukani, ibebe, tembea nayo dakika tatu. Angalia pia kama ikikunjwa inakaa imefungika au inafunguka ukiinyanyua.

Kuhusu mvua, soma alama ya IP, inayoonyesha jinsi skuta inavyozuia maji kuingia. IPX4 maana yake ni kwamba inastahimili maji yanayorukia kutoka pande zote. IPX5 inastahimili maji yanayorushwa kwa mpira wa bomba. Hakuna kati ya hizo inayokuruhusu kuvuka dimbwi la kina au kuiosha kwa pampu. Betri mara nyingi iko chini ya ubao unaosimamia, sentimita chache kutoka barabarani. Soma na masharti ya dhamana, kwa sababu mengi yanakataa uharibifu wa maji hata skuta ikiwa na alama hiyo.

Taa inayokuja na skuta inakufanya uonekane, haikuonyeshi mashimo. Ongeza taa ya kichwani au ya begani, na ya nyuma iliyo juu zaidi, kwa kuwa ile ya madigadi iko chini ya macho ya madereva. Helmeti sitaijadili, vaa. Programu ya simu na taa za rangi zisikupunguzie hata senti ya bajeti ya breki.

Sheria ziangalie mapema. Ujerumani skuta hizi zimewekewa kikomo cha kilomita 20 kwa saa tangu 2019 na lazima ziwe na bima. Ufaransa kikomo ni 25. Skuta iliyo halali kwa jirani yako wa ng'ambo ya mpaka inaweza kukamatwa kwako.

Chaja usiibahatishe. Tumia iliyokuja na skuta au ile ile ya mtengenezaji, kwa sababu plagi kufanana hakumaanishi volti kufanana, na betri ya lithiamu iliyochajiwa kupita kiasi inaweza kushika moto. Usichaji ukiwa umelala, wala kwenye korido ambayo ndiyo njia yenu ya kutokea. Skuta isiyokuwa na alama yoyote ya usalama wa umeme, kama UL 2272 au EN 17128, mimi siiingizi ndani hata iwe rahisi namna gani. Ikikaa wiki kadhaa bila kutumika, iache na nusu ya chaji.

Ukishanunua, wiki ya kwanza shika bisibisi na spana ndogo zilizomo kwenye boksi upitie kila skrubu: ya usukani, ya mahali pa kukunjia, ya madigadi, ya waya wa breki. Mtikisiko wa barabara hulegeza zile ambazo kiwandani hazikukazwa sawasawa, na nyingi hujitokeza siku hizo za mwanzo. Baada ya hapo mara moja kwa mwezi inatosha, pamoja na kupima upepo kila wiki.