Mtoto kapona, mama halali

SWALI: Mwanangu wa miaka 5 alitolewa figo moja kwa sababu ya saratani, akamaliza dripu za dawa hospitali ya KCMC, Moshi, miezi 4 iliyopita. Madaktari wanasema yuko vizuri. Lakini usiku naamka mara 4 au 5 kumpapasa tumbo. Baba yake hataki hata tulizungumzie. Kliniki ni wiki 3 zijazo, na tayari chakula hakipiti. – Mama S., Ngaramtoni, Arusha

JIBU: Pole sana mama. Hujachanganyikiwa. Wakati wa matibabu kila siku ilikuwa na kazi yake: nauli ya Moshi, kipimo cha damu, kumbembeleza ale. Hofu haikupata nafasi. Kazi zimeisha, sasa imekaa sebuleni. Wazazi wengi huelemewa hapo, si wakati wa dripu.

Tuanze na huo mkono. Saratani ya figo ya watoto ikirudi, mara nyingi hujitokeza kwenye mapafu. Ndiyo maana kliniki hupigwa picha ya kifua pamoja na utrasaundi ya tumbo. Mkono hauyafikii mapafu. Ukimpapasa unapata nafuu ya dakika chache, shaka inarudi, unapapasa tena, na mtoto naye anaanza kuliogopa tumbo lake. Usiache ghafla. Wiki hii mara 2 kwa usiku, ijayo 1, kisha mwangalie akioga tu. Ukishtuka usingizini, baki kitandani: vuta pumzi ukihesabu hadi 4, itoe ukihesabu hadi 6, mara 10. Hamu ya kwenda kwake haitakatika palepale, itapoa ukiivumilia.

Muulize daktari dalili za kumrudisha kabla ya tarehe, uzibandike ndani ya mlango wa kabati: tumbo kuvimba, damu kwenye mkojo, kikohozi kisichoisha, kukonda. Homa, apimwe siku hiyohiyo. (Na kwa figo moja, diklofenaki au ibuprofeni ya dukani asipewe bila daktari kuruhusu.)

Baba yake usimwambie "tuzungumze", atakimbia. Mpe kazi: aje kliniki, ashike daftari la maswali. Kwenye basi la Kosta, mmekaa ubavu kwa ubavu, mengi husemwa ambayo mezani hayasemeki.

Usingizi na chakula vikigoma wiki 2 mfululizo, mwombe muuguzi akuelekeze idara ya afya ya akili. Ipo hapohapo KCMC. Ukianza kuwaza kufa, usingoje kliniki: nenda hospitali ya karibu siku hiyohiyo, na usiende peke yako.