Kaka anasema kugawana shamba sawa ni mambo ya juzi

*Shangazi, baba alituachia ekari sita. Tuko sita, wanne wa kike. Kaka mkubwa anadai tangu dunia iumbwe shamba la urithi huwa la mmoja, na kugawana sawa ni mambo ya juzi. Mimi nataka ekari yangu. Nina makosa? – Mtoto wa Tano*

Pole kwa msiba, mwanangu. Kaka yako hajasema uongo wote, ila amechagua kipande kinachompendeza.

Huko Kent, Uingereza, sehemu kubwa ya nchi ilipokuwa ikimwachia mwana mkubwa wa kiume ardhi yote, wana wa kiume waligawana sawa. Desturi hiyo ilidumu karne na karne, ikafutwa na sheria ya 1925. Wales nao waligawana hivyo mpaka Waingereza walipoikomesha katika karne ya 16. Hayo si ya juzi. Lakini usipige vigelegele bado: usawa wenyewe ulikuwa wa wanaume. Binti wa Kent alirithi pale tu alipokosa kaka. Ufaransa iliwaingiza mabinti katika hesabu, sawa na kaka zao, wakati wa Mapinduzi, na sheria ya Napoleon ya 1804 ikakazia: mzazi mwenye watoto watatu au zaidi aliruhusiwa kumpa amtakaye robo tu ya mali. Robo tatu ni za watoto wote, sawa kwa sawa.

Sasa nikuudhi kidogo. Mwaka 1704, watawala wa Ireland waliwalazimisha Wakatoliki wagawie wana wao wote ardhi sawasawa. Mkubwa akihamia kanisa la watawala, anachukua yote. Unadhani waliwapenda wale wadogo? Walijua shamba likikatwakatwa vizazi viwili vitatu, ukoo unabaki na vipande visivyomlisha mtu. Usawa ule ulikuwa silaha, na mimi sijawahi kuusoma bila kukunja uso.

Kwa hiyo dai sehemu yako ya sita, lakini usiing'ang'anie iwe ekari yenye vigingi pembe nne. Ufaransa hiyo hiyo, mrithi anayelima anaweza kuomba shamba zima, akawalipa wenzake mafungu yao kwa fedha. Mpelekee kaka pendekezo hilo. Mtu asiye ndugu athamini shamba, kaka alipe kwa awamu, yote yaandikwe na kutiwa saini. Kama kweli anachoogopa ni shamba kukatwa, hana sababu ya kukataa. Akikataa kugawa na akakataa kulipa, basi tatizo lake si historia, na hapo muone wakili, kwa sababu sheria ya mlipo na dini yenu huenda zina mafungu yake.

Nawe kabla ya kikao jiulize: ekari hiyo utailima, au unataka tu kaka asiipate? Mimi usinijibu.